Mafuta ya bibi, tyubu ya shemeji

Mama, shikamoo.

Naomba jina langu lisitoke. Mji wenyewe mdogo, na wateja wangu wanasoma simu wakiwa wamekaa kwenye kiti changu.

Mimi ni kinyozi hapa Tanga, miaka 32, mke mmoja, watoto wawili. Kibanda changu kina viti viwili na kijana mmoja wa kunisaidia. Mafuta ya kupaka baada ya kunyoa nilianza kuyatengeneza kwa sababu ya shingo yangu mwenyewe. Tangu nianze kuota ndevu nasumbuliwa na vipele. Ninyoe leo, kesho kutwa koo lote limejaa vijipu vidogo vyenye kichwa cheupe, nikivitumbua vinaacha madoa meusi. Nimepaka spiriti, nimepaka shabu, nimepaka hadi poda ya watoto. Spiriti ilinitoa machozi tu na vipele viko palepale.

Bibi yangu mzaa mama yuko Pangani. Zamani alikuwa akiitwa kwenye nyumba za watu mtoto anaponyolewa nywele za arobaini, na alikuwa na mafuta yake ya kumpaka mtoto kichwani wembe ukishapita. Nilimwendea, akanifundisha. Mafuta ya nazi na nta ya nyuki, basi. Nilipofika mjini nikaongeza ya kwangu: kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya karafuu, yanukie na yachome kidogo, maana mteja asiposikia kitu anaona hajapakwa, na maji ya ndimu ya kuua wadudu. Nta naagiza Handeni. Kila nikipika napata makopo 24 ya gramu 30. Nikaandika kwa mkono kwenye kila kopo: Mafuta ya Bibi, asili tupu. Kopo Sh 3,000.

Mwanzo yalisifiwa. Baadaye wateja wakawa wanarudi wananiambia vipele vimerudi, wawili wakasema yanawaunguza. Nikavunjika moyo.

Sasa, pesa za kibanda alinipa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Mashine mbili, kioo, viti, jumla Sh 1,800,000. Nimeshamrudishia 700,000. Yeye ana duka lake na ni mtu wa kuona mbali. Aliposikia malalamiko akanijia usiku na mfuko mdogo. Ndani mna tyubu za ile dawa ya ngozi ya duka la dawa, ile ambayo watu hupaka kwa kila kitu. Akasema, “Shemeji, mteja hataki hadithi ya bibi. Anataka kesho aamke kidevu laini.”

Ule usiku siusahau. Mke wangu amelala na mtoto, mimi na shemeji jikoni. Sufuria dogo ndani ya sufuria kubwa lenye maji ya moto, nta imeshayeyuka, mafuta yamekuwa rangi ya chai ya rangi. Nikakamua tyubu ya kwanza, ile krimu nyeupe ikagoma kuchanganyika. Ikaganda vipande vipande kama maziwa yaliyokatika. Nikakoroga mpaka mkono ukauma. Nilimwambia shemeji, hii ni ishara tuache. Akacheka. Kesho yake akaja na ya aina nyingine, ile inayoteleza kama mafuta ya mgando. Hiyo ilizama na kupotea kabisa. Ukitazama kopo huoni chochote, hata harufu ni ileile ya karafuu.

Mama, mafuta yale yalifanya kazi. Siku mbili tu mtu vipele vimelala. Nikapika tena mara ya pili, nikapika ya tatu. Nilikuwa nimejiambia ni mara moja tu.

Tatizo ni mzee mmoja, mwalimu wa madrasa, mtu mzima anayeheshimika mtaani. Ananyoa kwangu kila Ijumaa asubuhi. Alianza kuyatumia tangu mfungo sita na sasa ni mwezi wa nne. Ngozi ya mashavu imekuwa nyembamba inang'aa kama karatasi ya nailoni, pembeni mwa mdomo ana vipele vyekundu ambavyo hakuwa navyo, na shingoni kuna duara linalotanuka, katikati pako safi, ukingoni kuna magamba. Nilimwambia apumzike kupaka. Akanijibu, “Nikiacha siku mbili uso unawaka moto, nikipaka unatulia. Hii ndiyo dawa, mwanangu.” Sasa amenipa pesa ya makopo matatu ampelekee mwanawe Maskati, mwisho wa mwezi kuna mtu anasafiri.

Mzigo wa tatu nimeuza makopo 15, tisa yamebaki. Shemeji anataka tutengeneze lebo za kiwandani, tupeleke Muheza na Korogwe. Mke wangu hajui kitu, na kaka yake ndiye aliyemlea baba yao alipofariki. Nikisema, nimeharibu jina la kibanda, nimemvunjia mke wangu nyumba na nimemwaibisha mzee mbele ya watu. Nikinyamaza, kila Ijumaa naushika ule uso kwa mkono wangu.

Jambo la mwisho. Nilipokwenda Pangani bibi aliniuliza, “Wanayasifu mafuta yangu?” Nikamwambia wanayasifu sana.

Kijana wangu anasema niweke mshubiri badala ya dawa, utatuliza. Ni kweli? Na nifanyeje na hayo mengine?

Kinyozi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya yule mzee. Umemweleza vizuri kuliko ulivyojieleza wewe mwenyewe, na hilo limenipa moyo. Kinyozi ambaye hajali hatazami ukingo wa duara shingoni mwa mteja akakumbuka mpaka magamba yake.

Nikikuelewa, una mambo matatu yamefungwa kwenye kamba moja. Kuna mafuta, ambayo ulitaka yatulize watu na hayakutuliza kama ulivyotarajia. Kuna dawa uliyoichanganya kwa siri, ambayo imetuliza kupita kiasi. Na kuna deni la shemeji, ambalo limekufanya ushindwe kusema hapana jikoni kwako. Wewe unayaona ni jambo moja, kwamba ukivuta hapa pote panafumuka. Labda ndivyo. Lakini niruhusu nikuulize maswali kabla hatujafika huko.

La kwanza: nani alikwambia mafuta ya bibi yameshindwa? Bibi yako alikuwa akipaka mafuta ya nazi na nta kichwani kwa mtoto wa siku 40. Hakutia karafuu wala ndimu. Hizo ni zako. Umeandika “asili tupu”, ukaweka jina lake, na ndani umetia kitu ambacho yeye asingemgusisha mtoto. Na wateja wawili walioungua, mwanangu, waliungua kabla shemeji hajaleta mfuko wake.

Hebu tupige hesabu ya karafuu. Makopo 24 ya gramu 30 ni gramu 720. Kijiko cha mezani ni mililita 15. Hiyo ni karibu asilimia 2 ya mchanganyiko mzima. Kiasi kinachoshauriwa kwa mafuta ya karafuu kwenye ngozi hakizidi nusu ya asilimia moja, maana yake matone kama kumi tu katika gramu 100. Wewe ulikuwa mara nne ya hapo, tena kwenye ngozi iliyotoka kupitishwa wembe. Sisi wa pwani karafuu tunaiona ndugu, tumeipika kwenye pilau, tumeitia kwenye jino bovu, lakini kile kinacholifanya jino life ganzi ndicho hichohicho kinachochoma shingo. Na wako watu ambao ngozi yao ikishaikataa karafuu mara moja, itaikataa maisha.

Ndimu nayo ina hila yake. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi huungua na kubaki na madoa meusi kwa wiki au miezi. Jua la Tanga halihitaji msaada. Sijui ni madoa mangapi uliyoyalaumu vipele yalikuwa ya ndimu, lakini ningekuwa wewe ningeanza kuitoa hiyo na kutazama.

Swali la pili ni la wembe, na hapa nivumilie, mimi ndevu sina, ingawa kwa umri huu vimechomoza viwili vitatu kidevuni na huwa navikata kwa mkasi bila kumwambia mtu. Vipele vyako na vya wengi wa wateja wako haviletwi na uchafu wala na kukosa mafuta. Ndevu zetu hujikunja. Wembe ukizikata chini kabisa, hasa ukivuta ngozi au ukinyoa kinyume na zinavyoota, ncha inabaki kali kama mwiba, halafu inapokua inajikunja na kuingia tena kwenye ngozi. Mwili unapigana nayo kama unavyopigana na mwiba wa samaki kidoleni. Hicho ndicho kichwa cheupe unachokitumbua. Sasa niambie, mafuta gani yatauzuia unywele usijikunje? Mafuta hulainisha ngozi, huondoa ukavu na ule mwasho wa baada ya kunyoa. Kazi yake inaishia hapo, na ni kazi nzuri. Ulipoyapa kazi ya kuponya vipele uliyabebesha mzigo usio wao. Yalipoelemewa ukaona aibu, na shemeji akakukuta kwenye hiyo aibu.

Wewe una mashine mbili zilizokugharimu deni. Mashine ikiacha ndevu urefu wa kama milimita moja, unywele hauna nafasi ya kurudi ndani. Mteja ambaye shingo imeharibika sana, mwambie aache ndevu ziote kama mwezi mzima, nyingi zitajitoa zenyewe. Anayelazimika kunyoa laini, apewe taulo la maji ya moto dakika kadhaa, wembe mpya wenye makali mamoja, na umfuate unywele unakolala. Wembe wa makali matatu unaosifiwa kwenye matangazo huuvuta unywele kwanza ndipo unaukata, ukabaki chini ya ngozi. Ni mtego kwa ndevu za kujikunja. Hayo yote unaweza kuyafanya kesho bila kumwomba shemeji ruhusa, na sijui kwa nini hujayafikiria. Au uliyafikiria ukaona mteja hatalipia ushauri kama anavyolipia kopo?

Mshubiri. Kijana wako ana nia njema. Ute wake unatuliza ngozi ya watu wengi, ila una mambo mawili. Ukikata jani kuna utomvu wa manjano chini ya ganda, huo unawasha, lazima usimamishe jani uchuruzike kabla ya kukwangua. La pili, ute ule karibu wote ni maji. Mafuta na nta peke yake hukaa muda mrefu kwa sababu hayana maji ndani yake. Tia ute wa mshubiri, au hiyohiyo ndimu yako, kwenye kopo lisilo na dawa ya kuzuia kuoza, na kwa joto letu umefuga ukungu na bakteria ambao hutawaona mpaka wamekuwa wengi, halafu unawapaka kwenye ngozi yenye michubuko. Akitaka mshubiri, akate jani asubuhi, ampake mteja palepale, kinachobaki kitupwe jioni. Na vidole visiingie koponi. Mteja wa kwanza akiwa na choa, kopo linamgawia wa kumi. Tumieni vijiti.

Ukiyarudia mafuta kama bibi alivyokufundisha, nta sehemu moja kwa mafuta sehemu nne, kwa mizani si kwa macho. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 24, ndiyo maana mwenzako wa Lushoto kopo lake ni gumu na lako ni uji. Nta ndiyo inayolisimamisha. Kama nazi inawaziba baadhi ya wateja vinyweleo, badili nusu yake kwa mafuta ya ufuta au nyonyo kidogo. Kabla ya kuuza mpake mtu ndani ya kiwiko, mwache siku mbili. Nimetoka kidogo nje ya barua yako, nisamehe, jikoni ndiko ninakopajua.

Sasa ile tyubu.

Hukuitaja jina na sitakuuliza, lakini kwa ulivyoieleza, dawa ya “kila kitu”, inayolaza vipele siku mbili, nina hakika karibu kabisa ina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi. Hiyo si sumu. Daktari huitoa kila siku, kwa ugonjwa fulani, sehemu fulani, siku za kuhesabu. Ikipakwa usoni miezi minne huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta vipele vyekundu kuzunguka mdomo, na ukiiacha ghafla uso huwaka. Soma tena barua yako. Ndiyo hayo matatu uliyoyaandika kwa mkono wako. Mzee anadhani ule moto ni ushahidi kwamba dawa ni nzuri, kumbe ngozi yake imezoea. Na lile duara linalotanuka lenye katikati safi, linafanana sana na choa. Steroidi hufanya choa kitulie juu juu, kisiwashe, huku kinaenea chini kwa chini, na hata daktari huweza kudanganyika akikitazama.

Hapa ndipo ninapotaka utulie nami. Umeniandikia kana kwamba kusema au kunyamaza ni suala la aibu: yako, ya kibanda, ya mzee. Mimi naona kuna kitu kimekaa mbele ya aibu. Siku mzee atakapokwenda hospitali, swali la kwanza ataulizwa, “Umekuwa ukipaka nini?” Naye atajibu kwa moyo mweupe, “Mafuta ya asili, ya nazi.” Daktari atatafuta ugonjwa ambao haupo. Ufunguo wa ule uso unao wewe, na mwenzako mmoja tu.

Tuzitazame njia. Ya kunyamaza na kuacha kimyakimya, ukapika mafuta safi, ukampa mzee kopo jipya bila kusema. Najua inakuvutia. Hatari yake ni kwamba atapaka, uso utawaka, ataona mafuta yameharibika, na hamu ya yale ya zamani itampeleka popote, hata kwa shemeji. Tena dawa ya namna hii ikitumika muda mrefu, namna ya kuiacha ni jambo la daktari kulisimamia.

Ya kumwambia mzee faragha. Si Ijumaa akiwa na kitambaa shingoni na watu wamejipanga kwenye benchi. Nyumbani kwake, baada ya magharibi, ukiwa na pakiti ya tyubu mkononi ili aende nayo kwa daktari, na nauli na pesa ya kumwona ukiwa umeiandaa. Umesema utamwaibisha. Sielewi vizuri hapo: aliyedanganywa anaaibikaje? Au tunaogopa aibu yetu tukaivalisha kanzu ya mzee? Anaweza kukukasirikia. Anaweza kusema msikitini. Anaweza pia, kwa kuwa amefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo, kujua namna ya kumpokea mtu aliyekuja mwenyewe kabla hajafuatwa. Mimi simjui, wewe unaushika uso wake kila wiki.

Ya kuwaambia wote walionunua ni ngumu zaidi. Mizigo mitatu ni makopo zaidi ya 60. Huenda ukapoteza wateja. Huenda pia yupo miongoni mwao mwenye mke anayejipaka kopo hilohilo, au mtoto. Unaweza kuanza na wale unaowajua wanapaka kila siku. Wengine wamefanya hivyo kwa kusema tu, “Mzigo ule ulikuwa na kasoro, urudishe nikupe pesa yako,” ikawa nusu ya kweli. Nusu hiyo inarudisha kopo, lakini haimpi daktari ufunguo. Pima mwenyewe.

Mpango wa Muheza na Korogwe unanitia wasiwasi wa aina nyingine. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, na dawa ziko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa, na kipodozi chenye steroidi ndani yake kimepigwa marufuku Tanzania. Leo hii ni siri ya jikoni. Siku ikibandikwa lebo ya kiwandani yenye neno “asili” inakuwa kesi, na jina litakalokuwa kwenye lebo si la shemeji, nadhani hilo umeliona. Ukitaka kweli kuuza mafuta safi, SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo Tanga na kazi yao ni kuwashika mkono wadogo kama wewe.

Kuhusu shemeji, naomba nimtetee kidogo. Kwake tyubu ile ni dawa ya duka la dawa, inauzwa mchana, kila nyumba inayo. Huenda hajui kabisa inafanya nini ikipakwa miezi minne. Umewahi kumweleza uso wa mzee? Barua yako haisemi. Umemchukulia kuwa atakataa, au atadai 1,100,000 zake kesho asubuhi. Anaweza. Basi ukae naye ukiwa na hesabu mkononi, mwezi kwa mwezi utamlipa kiasi gani kwa kunyoa peke yake. Mtu anayedaiwa akija na tarehe husikilizwa tofauti na anayekuja na machozi.

Na mke wako. Unasema hajui kitu. Amelala chumba cha pili usiku mitatu, nyumba nzima inanuka karafuu, kaka yake anaingia na mifuko. Wake huwa wanajua zaidi ya tunavyodhani, hawajui tu kama wanaruhusiwa kuuliza. Yeye ndiye anayemjua kaka yake tangu utotoni, anajua saa gani anaambilika. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na walikuwa na maana pana kuliko unavyocheka sasa. Ila ni kweli kwamba ukimwambia yeye kwanza unamweka katikati ya watu wawili anaowapenda, na huenda asikushukuru. Ukimwambia mwisho, baada ya mtaa, sidhani kama atakushukuru pia. Sina jibu zuri hapo, nina jibu baya na jibu baya zaidi, na wewe ndiye unayeijua nyumba yako.

Jambo moja tu sitakuachia upime. Makopo tisa yaliyobaki yashushe kwenye rafu leo, na matatu ya Maskati yasipande ndege. Pesa ya mzee mrudishie. Kijana aliyeko huko hajakukosea kitu, na yeye hata hiyo nafasi ya wewe kuutazama uso wake kila Ijumaa hana.

Pangani nayo utakwenda lini? Bibi alikuuliza kama wanayasifu mafuta yake, ukamjibu. Hukumwuliza yeye jambo ambalo mimi ningetaka kulijua. Amenyoa vichwa vya watoto wangapi, ngozi laini kuliko ya kidevu cha mtu yeyote, na sidhani kama mama zao walilalamika. Mwulize alikuwa akimshikaje mtoto, na wembe akiuanzia wapi, utosini akishuka au shingoni akipanda. Kisha uniandikie alichosema.